Uhuru wa Mkristo na sheria za serikali: maswali yenu wiki hii

Pastor wetu asema serikali isiguse kanisa kabisa, Katiba yatupa uhuru wa kuabudu. Ni kweli? (Msomaji, Likoni)

Uhuru upo ndugu yangu, kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010, na siku afisa akianza kuamua nini kihubiriwe hata mimi ntapinga. Lakini sisi ni watu wa Pwani, Shakahola iko hapo Kilifi tu, 2023 tuliona miili zaidi ya 400 ikifukuliwa msituni, watu waliambiwa wafunge mpaka wafe ndio wamuone Yesu, na watoto walikuwemo. Mtoto hakuchagua kufunga! Sasa kanisa kuulizwa limesajiliwa wapi, sadaka zaenda wapi, nani aangalia hao watoto, hayo si mateso kwa ajili ya Kristo. Hata kile kikosi kazi kilichoundwa baadaye kuangalia sheria za mashirika ya dini kiliongozwa na Mutava Musyimi, mchungaji aliyekuwa katibu mkuu wa NCCK, baraza la kitaifa la makanisa. Kwenye Matendo 5 mitume walikataa kunyamazishwa wasimtaje Yesu, wala hawakuwa wakikimbia kuulizwa maswali.

Najenga flat Mishomoroni, naambiwa lazima ukuta juu ya paa. Pesa yangu, ploti yangu, kwani iko nini? (Landlord)

Mzee wangu soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Ukijenga nyumba mpya zungushia dari ukingo, mtu asije akaanguka ukailetea nyumba yako damu. Yaani Mungu mwenyewe aliweka sheria ya ujenzi, na hakumwambia anayepanda awe makini, alimwambia mwenye nyumba. Na wewe wajua huko juu kukoje, kamba za nguo, matangi ya maji, jioni watoto wa wapangaji wacheza mpira wa makaratasi kwa sababu chini hakuna uwanja. Ploti ni yako kweli lakini hao watoto si wako, na tofali za kozi chache haziwezi kukufilisi. Inspekta akitaka kitu kidogo ndio afumbe macho usitoe, jenga ukuta.

Nauza muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, nalisha watoto. Mwaka 2024 gavana alipiga marufuku, korti ikasimamisha. Kama si haramu nina dhambi gani? (Mama, Kisauni)

Mama, pole na shida ya kutafuta unga, sikuhukumu. Korti hujibu swali la sheria tu, nani ana mamlaka ya kupiga marufuku. Paulo auliza lingine kwa 1 Wakorintho 10, vyote ni halali ila si vyote vyafaa, na hapo hapo asema mtu asitafute faida yake bali ya mwenzake. Kwa hivyo mwangalie anayenunua. Kama ni kijana wa shule, au yule baba ambaye mkewe ulimkopesha unga jana, mnyime, hata kama sheria yakuruhusu. Na kanisa lako lisikae likikusema tu, waulize wazee kama kuna chama ama mtaji kidogo ubadilishe biashara, huo ni wajibu wao.

Majirani wametushtaki NEMA, wale wa mazingira, kwa spika za kesha. Tufanye nini? (Kwaya, Bamburi)

Punguzeni sauti, fungeni madirisha, na kesho yake nendeni muombe msamaha nyumba kwa nyumba, mkianzia kwa yule mwenye mtoto mchanga.