Rudisha hizo rimu za 17 kabla hazijafungwa

Mkuu, usikate springi. Na hizo rimu zirudishe leo kama bado ziko kwenye maboksi.

Nimesoma swali lako lote. Una kigari cha cc 1300, ulikinunua kwa sababu hakili mafuta, lakini wewe ni mtu wa kupenda usukani na kwenye kona kinakuchosha. Umepata muuza rimu anayekupa za inchi 17 na tairi 205/45, na fundi wake yuko tayari kukata springi mzunguko mmoja na nusu "ili gari lishuke na lishike barabara". Unauliza pia habari za filta ya wazi, eksozi kubwa, mafuta ya okteni ya juu, na kama ni bora uuze ununue gari lenye injini kubwa. Hayo mengine yasubiri. Hayo ya rimu na springi ni maneno yale yale niliyouziwa mimi, karibu neno kwa neno, na gari langu lilikuwa la ukubwa huo huo wa kwako.

Tuanze na hesabu, maana muuzaji hatakufanyia. Tairi yako ya kiwandani umeandika ni 175/65R14, yaani upana milimita 175, na 14 ni inchi za rimu. Ubavu wake ni asilimia 65 ya milimita 175, yaani karibu milimita 114. Weka ubavu wa juu, wa chini na rimu yenyewe, kipenyo kizima kinafika milimita 583 hivi. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa 205/45R17, unapata 616. Gurudumu limekua kwa karibu asilimia 6. Muuzaji anasema "inaingia". Kuingia inaingia, gari likiwa limesimama na halina mtu. Pakia watu wawili nyuma, kata kona, ukutane na shimo, utasikia mpira unavyokwanguliwa na fenda.

Na huo ndio usumbufu mdogo. Gurudumu likikua kwa asilimia 6, ni sawa na mtu kukuongezea urefu wa kila gia kwa asilimia 6. Injini yako haina nguvu za ziada za kugawa. Kilima ulichokuwa unapanda na gia ya tatu sasa unarudi ya pili, unakanyaga zaidi, na mafuta yanakwenda. Mshale wa spidi nao unaanza kudanganya: ukisoma 100, gari liko karibu 106. Odometa inahesabu kilomita pungufu, kwa hiyo ukipiga hesabu ya ulaji wa mafuta unaona gari limeharibika kuliko lilivyoharibika kweli. Nilibadilisha plagi, nikasafisha nozeli, nikatafuta tatizo kwenye injini ambayo haikuwa na kosa lolote. Hakuna hata mmoja kati ya walioniuzia aliyetaja jambo hilo.

Halafu uzito. Chukua rimu yako ya 14 ikiwa na tairi yake, ipime kwenye mizani, kisha pima hiyo ya 17. Usikubali maneno, pima. Uzito ulio pembeni ya gurudumu unahesabiwa karibu mara mbili gari linapoongeza mwendo, kwa sababu unausukuma mbele na wakati huo huo unauzungusha. Breki nazo zinaubeba vivyo hivyo. Na kwa kuwa uzito huo haukai juu ya springi, shokapu, ile inayotuliza mdundo wa springi, inapata kazi ngumu zaidi kulirudisha gurudumu chini kila linaporuka. Ukitaka kujua gari linavyojisikia, jaribu kukimbia na mabuti yaliyojaa matope. Kigari chepesi raha yake yote iko kwenye wepesi. Unakigusa kidogo kinageuka, unaachia kinatulia. Hicho ndicho wanachokuuzia ukiondoe.

Sasa springi, na hapa ndipo nilipoumia zaidi ya kote.

Springi ukiikata haishuki tu, inakuwa ngumu. Ikiwa na mizunguko sita inayofanya kazi ukaondoa mmoja na nusu, ugumu unapanda kwa theluthi moja. Shokapu ya kiwandani haikutengenezwa kwa ugumu huo, kwa hiyo haiwezi kuituliza. Gari linaanza kudunda badala ya kufuata barabara, na tairi iliyo hewani haishiki kitu. Fundi akitumia moto badala ya grainda ni balaa zaidi, maana chuma kinapoteza ukakamavu wake na springi inaendelea kulegea kila wiki. Na springi iliyofupishwa inaweza kuhama kwenye kikalio chake gurudumu likining'inia.

Liko lingine ambalo muuzaji hulisikii kwake hata ukimbana. Vigari vingi vya aina hii mbele vina springi na shokapu zilizosimama pamoja, na chini mkono mmoja wa wishboni, ule wa chuma unaounga gurudumu na bodi. Kiwandani mkono ule umepangwa uende karibu mlalo, au uteremke kidogo kuelekea gurudumu. Ukishusha bodi, upande wa gurudumu unabaki juu. Hapo ile nukta ambayo bodi inaegemea kuizunguka kwenye kona inashuka haraka kuliko uzito wa gari unavyoshuka. Umbali kati ya viwili hivyo unaongezeka, na bodi inapata nguvu zaidi ya kulala upande. Umeshusha gari lisilale kwenye kona, na umelipatia sababu zaidi ya kulala! Huoni haraka kwa kuwa springi imekuwa ngumu inaficha, lakini tairi ya nje inajua.

Ndani ya shokapu kuna kipande cha mpira cha kuzuia chuma kisigonge chuma. Gari lililo kwenye kimo chake linakigusa mara chache, kwenye shimo kubwa au mzigo mzito. Gari lililokatwa springi linaishi juu yake. Siku iliyonifungua macho ilikuwa ya mvua, kwenye kona niliyoizoea, mwendo wa kawaida kabisa. Katikati ya kona palikuwa na mkunjo mdogo wa lami. Mbele pakagonga ule mpira, gurudumu la nje likabebeshwa kila kitu kwa ghafla, tairi ikaachia, gari likaenda moja kwa moja huku usukani umegeuzwa. Nikaachia mafuta kwa hofu, nyuma nako kukafuata. Lilisimama upande wa pili wa barabara likiangalia nilikotoka. Abiria wangu alikuwa mama yangu mzazi. Hakuna gari lililokuwa linakuja, na sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Na mvua ile iligusa jambo jingine. Tairi pana kwenye gari jepesi hupanda juu ya maji mapema kuliko tairi nyembamba, kwa sababu ina maji mengi zaidi ya kusukuma na kila sehemu yake inakandamizwa kwa nguvu ndogo zaidi. Watu wanaona upana wanadhani ni kushika tu. Kwenye lami kavu na gari zito, sawa. Kigari chenye chini ya tani moja, kwenye maji, ni habari nyingine.

Nilipolipeleka kwa fundi mwingine alikuta shokapu mbili zinavuja, boljointi moja (kiungo kati ya wishboni na gurudumu) imeshaachia, rimu moja imepinda, na tairi za mbele kwa ndani zimelika hadi nyaya zinaonekana, huku kwa nje zinang'aa kama mpya. Ukishusha gari, pembe za magurudumu zinahama, na yule wa kwanza alifunga springi akaniaga bila kufanya alaimenti. Nimemkasirikia mtu yule hadi leo. Si kwa sababu hakujua; kutokujua tunafundishana. Nilimuuliza kwa kinywa changu kama kuna haja ya alaimenti akasema "hapana, hatujagusa usukani". Na muuzaji aliyempendekeza aliniambia gari dogo haliwezi kushika barabara bila rimu kubwa, akaonyesha picha za magari ya mashindano.

Magari ya mashindano! Mini Cooper S iliyoshinda Monte Carlo Rally mwaka 1964 ilikuwa na injini ya cc 1071 na rimu za inchi 10. Kumi. Mini zikarudi kushinda 1965 na 1967, mbele ya magari yenye injini kubwa zaidi, kwa sababu zilikuwa nyepesi na zinageuka. Volkswagen Golf GTI ya 1976, ambayo wapenzi wa magari madogo wanaisujudia mpaka leo, ilikuwa na nguvu farasi 110 na tairi 175/70 kwenye rimu za inchi 13. Ukubwa wa rimu haukuwahi kuwa siri ya gari dogo kukata kona.

Kanuni niliyobaki nayo ni hii: pesa yako ya kwanza iende kwenye tairi bora kabisa unayoweza kupata, kwa saizi ya kiwandani, na usiguse kitu kingine chochote mpaka umeendesha nazo. Hata breki yako nzuri kiasi gani, haisimamishi gari. Inasimamisha gurudumu, tairi ndiyo inayosimamisha gari. Ukitaka kupanda rimu kwa sababu 14 haina chaguo la kutosha, nenda 185/55R15: kipenyo chake ni milimita 584 hivi, tofauti ya milimita moja na ya zamani. Hapo ndipo mwisho.

Unaponunua, soma ubavuni. Kuna namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi iliyokaa ghalani miaka mingi ina kashata (ile michongo ya juu ya tairi) nzuri na mpira uliokufa. Kikomo cha kisheria cha kina cha kashata katika nchi nyingi ni milimita 1.6, lakini kwenye mvua uwezo unakuwa umeshapungua sana kabla hujafika huko. Upepo fuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Mimi hupima kwa geji yangu mwenyewe kwa sababu za barabarani hazikubaliani.

Baada ya tairi, shokapu mpya za ubora wa kiwandani, nne zote, na bushi za wishboni (mipira ya kwenye viungo vyake) kama zimepasuka. Kisha alaimenti. Gari lenye umri, ambalo umezoea kulaumu ulegevu wake, mara nyingi halina kasoro ya usanifu, limechoka tu. Nilipovirudisha hivi vyote kwenye hali ya kiwandani nilipata gari ambalo sikuwahi kulijua, maana nililinunua likiwa limeshachoka.

Oili ya breki badilisha kila baada ya miaka miwili hivi. Inanyonya unyevu wa hewani. DOT 4, ambayo ni aina ya oili hiyo na si zile namba za tairi, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, ikishanyonya maji kikomo hicho kinashuka hadi 155. Mteremko mrefu unaweza kukufikisha huko na pedali ikazama.

Na uendeshaji, mkuu, huko ndiko raha ilikojificha. Gari lenye nguvu nyingi linakusamehe. Ukikosea kona unakanyaga unarudisha mwendo. Kigari hakikusamehei. Mwendo ulioupoteza kwenye breki unaurudisha kwa mafuta na kwa kusubiri. Kutoka 60 kwenda 80 nishati ya gari inapanda kwa asilimia 78, na breki moja isiyo ya lazima inaitupa yote kuwa joto. Kwa hiyo unajifunza kuangalia mbali, kuachia mafuta mapema, kuingia konani na mwendo unaotosha kutoka nao, na kulainisha mikono. Ni mchezo ule ule wa dereva mzuri na ni mchezo ule ule wa kubana mafuta. Sijapata gari jingine ambalo vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja namna hii, na ukiwa ndani ya spidi halali.

Mteremkoni usiweke nyutro. Injini za nozeli zinakata mafuta kabisa ukiachia pedali gari likiwa kwenye gia. Ukiweka nyutro inabidi ziyanywe ili zisizime, na umepoteza injini ya kukusaidia kushika.

Filta ya wazi inanyonya hewa ya moto ya kwenye boneti, acha. Okteni tumia iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Nenda kapige picha ubavu wa tairi zako zote nne, namba za DOT zionekane, na kile kibandiko cha mlangoni, uviweke hapa. Na kama fundi ameshaanza kufungua mbele, mwambie arudishe springi zako nzima kabla hajawasha grainda.