Presha Imeshuka: Je, Niache Vidonge?

Swali: Nina miaka 41, ni karani wa ghala la korosho Tandahimba. Nilipopimwa, presha ilikuwa 152/96, sukari kabla ya kula 6.4 na kiuno sentimita 104. Nimemeza dawa miezi miwili, sasa presha ni 126/80 na sisikii maumivu yoyote. Je, daktari, naweza kuacha vidonge nikatumia unga wa kusafisha mishipa unaouzwa sokoni?

Jibu: Ndugu yangu, hiyo 126/80 ni kazi ya kidonge. Ukikiacha, presha itapanda tena kimyakimya kama ilivyopanda mwanzo. "Sisikii maumivu" ni maneno ninayoyasikia kila siku hapa Mtwara, nami yamenichosha, kwa kuwa presha kwa kawaida haiumi. Wengi hushtuka pale moyo ulipokwisha kutanuka na mtu hawezi tena kulala bila kujiinua kwa mito mitatu.

Sukari yako haijafika 7.0, kiwango cha kisukari, lakini imekwisha vuka mpaka wa kawaida, na kiuno chako kinaeleza sababu: mafuta yanayozunguka ini na utumbo huufanya mwili usiitikie ipasavyo insulini, kichocheo kinachoshusha sukari ya damu, kongosho likalazimika kutoa nyingi zaidi, figo zikazuia chumvi, na presha ikapanda. Ukipunguza kitambi, huenda dozi nayo ikapunguzwa, ila atakayeipunguza ni daktari baada ya kukupima.

Kuhusu unga huo, mgonjwa mmoja aliniletea wa kwake: mfuko wa nailoni uliozibwa kwa moto wa mshumaa, ndani yake karatasi ya fotokopi inayoahidi kutibu presha, kisukari, ngiri na nguvu za kiume, bila neno hata moja juu ya kilichomo. Alikuwa ameacha vidonge wiki sita, na presha yake ilisoma 190/110. Mishipa haizibuliwi kama bomba la maji, kwa sababu lehemu, yaani mafuta ya kwenye damu, hujijenga ndani ya ukuta wa mshipa wenyewe, wala haielei juu juu ikingoja kusuguliwa. Anayewauzia watu usafi huo anawauzia kiharusi.

Hata vidonge vya dukani vina madhara yake. Makuli na madereva wanaomeza diklofenaki kila jioni kwa ajili ya mgongo wanapandisha presha na kuumiza figo, kisha wanashangaa dawa ya hospitali "haifanyi kazi". Wengine hulaumu dawa hiyo hiyo huku kila mlo una ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, wakati chumvi ya siku nzima haipaswi kufika kijiko kimoja cha chai.

Endelea na vidonge, na urudi kliniki upimwe lehemu na figo. Uje na kila unachomeza, pamoja na huo mfuko.