Maswali na Majibu: Sheli ya Zamani na Maji ya Chini

SWALI: Nimenunua kiwanja Uyole, Mbeya, kilichokuwa sheli. Matangi yalishafukuliwa. Tangu mvua zianze, kisima cha jirani aliye upande wa bondeni kinanuka petroli. Fundi wa visima anataka tuchimbe kisima kimoja cha mita 80, tupime maji yake, basi. Nimkubalie?

JIBU: Usimkubalie. Petroli ni nyepesi kuliko maji (lita moja ina gramu 740 hivi), kwa hiyo hushuka ardhini mpaka ikutane na maji, kisha hutandaa juu yake. Kisima cha mita 80 kitaipita bila kuiona, na huenda kikaifungulia njia. Ardhi ya upande huo ni majivu na mawe mepesi ya volkano yaliyojipanga mlipuko baada ya mlipuko. Mlima Rungwe wenyewe ulilipuka vibaya miaka 4,000 hivi iliyopita. Katikati ya matabaka hayo huweza kuwepo udongo wa kale wa mfinyanzi uliofukiwa, nao ndio unaoshikilia maji ya juu pamoja na mafuta yake. Ukiutoboa bila kuuziba, uchafu wote unateremka kwenye maji safi.

Kwanza jirani aache kunywa na kupikia maji hayo. Kuchemsha si dawa: benzini, kemikali mbaya kuliko nyingi zilizomo kwenye petroli, hupanda na mvuke humo humo jikoni. Wala asisubiri harufu iishe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza benzini isizidi mikrogramu 10 kwa lita, na pua ya mtu haiwezi kunusa kiasi hicho. Toeni taarifa NEMC (baraza la taifa la mazingira) na kwenye bodi ya maji ya bonde lenu, ambako pia mtaombea kibali cha kuchimba.

Visima vya uchunguzi viwe vifupi, visipungue vitatu, vikae pembetatu. Vikikaa mstari mmoja huwezi kujua maji yanaelekea wapi, na mteremko wa barabara si ushahidi. Kimoja kiwe karibu na shimo la matangi, kingine upande wa jirani, cha tatu upande wa juu. Msisahau njia ya mabomba na sehemu ya kujazia: viungo huvuja hata pale ambapo tangi ni zima.

Tumieni PVC ya milimita 50 inayofungwa kwa nyuzi za skrubu. Gundi ya PVC marufuku, maana viyeyushi vyake vitajitokeza maabara. Bomba la chujio (sehemu yenye matundu ya kuingizia maji) lianze mita 1 hadi 2 juu ya usawa wa juu kabisa ambao maji hufikia, liishie mita 2 hadi 3 chini ya usawa wa kiangazi. Hapa ndipo wengi huharibu. Kisima kilichopangwa kwa maji ya Oktoba, ikifika Aprili chujio lote limezama, mafuta yanaelea nje ya bomba zima, na wewe unaandika "hakuna kitu". Zungushieni mchanga safi hadi nusu mita juu ya chujio, kisha bentonaiti (mfinyanzi unaovimba ukilowa) nusu mita au zaidi iliyolowanishwa ivimbe, kisha saruji. Jenereta ikae mbali, upande upepo unakoelekea.

SWALI: Kisima cha uchunguzi kwenye sheli iliyofungwa Iringa kinanuka dizeli, lakini majibu ya benzini yametoka safi. Tulipeleka maji kwa chupa ya plastiki ya dukani.

JIBU: Mmepima kisichokuwepo. Dizeli ina benzini kidogo sana. Ombeni kipimo cha jumla ya haidrokaboni za petroliamu, yaani kemikali zote za jamii ya mafuta, maji yakiwa kwenye chupa ya kioo cheusi ya lita moja. Kwa petroli ni vichupa vya kioo vya mililita 40, vijazwe hadi mdomoni. Kigeuze juu chini: ukiona hata kiputo kimoja, mwaga uchukue kingine. Viwe vimetiwa tindikali, vikae kwenye barafu nyuzi 4, vipimwe maabara ndani ya siku 14. Kabla ya kujaza chupa toeni maji yaliyolala bombani mara tatu ya ujazo wake. Bomba la milimita 50 hubeba lita 2 kwa mita, kwa hiyo mita 6 za maji ni lita 36 za kutoa, nazo zihifadhiwe kwenye pipa, zisimwagwe mtaroni.

SWALI: Kipimo kinaonyesha sentimita 40 za petroli ndani ya kisima. Ardhini nako ni hivyo hivyo?

JIBU: Kwa kawaida ni pungufu, na kwenye mfinyanzi ni pungufu sana. Bombani hakuna punje za udongo za kuyazuia mafuta, nayo huyakandamiza maji chini. Ili kupata usawa halisi wa maji, zidisha 40 kwa 0.74, kisha ongeza hizo sentimita 30 juu ya pale mafuta yanapokutana na maji. Usipofanya hivyo, ramani yako itaonyesha maji yote ya karibu yanakimbilia kisima hicho.