Mafuta ya miaka 50 na mtambo wa maji

SWALI: Nina matatu ya abiria 14 njia ya Kayole, na mkopo wa sacco umebaki miaka 3. Nasikia mafuta ya dunia yamebaki ya miaka 50 tu. Fundi mmoja anataka kunifungia mtambo wa kuendesha injini kwa maji, shilingi 40,000, ati nijiandae mapema. Nikubali? – Mama Matatu, Kayole

JIBU: Usimpe hata nauli, mama. Mtambo huo huvunja maji kwa umeme ili upate haidrojeni, gesi inayowaka. Umeme unatoka kwa altaneta, altaneta inazungushwa na injini, na injini inakunywa petroli ile ile. Kila hatua inapoteza kidogo. Utachoma zaidi.

Ningeishia hapo, lakini hiyo "miaka 50" naletewa kila wiki, na ndiyo inayowapa matapeli soko. Inapatikana hivi: akiba iliyothibitishwa, takriban mapipa trilioni 1.7, unagawanya kwa yanayochimbwa kwa mwaka. Mwaka 1980 hesabu hiyo hiyo ilitoa miaka kama 30. Mbona 2010 ilipita na petroli ipo? Kwa sababu akiba maana yake ni mafuta yanayoweza kutolewa kwa faida, kwa bei na mitambo ya leo. Bei ikipanda, akiba inaongezeka. Ikianguka, inapungua, na chini ya ardhi hakuna tone lililosogea.

Nimewahi kushika chupa ya mafuta ghafi ya Lokichar, kule Turkana. Asubuhi ya Julai hapa Nairobi yalikuwa yameganda kama Kimbo. Unapindua chupa, hayatoki. Yaligunduliwa 2012 katika kisima cha Ngamia-1, na shehena ya kwanza ikaondoka Mombasa Agosti 2019, baada ya malori kuyateremsha kutoka Turkana kwa matangi ya kuhifadhi joto. Mafuta yapo. Kazi ni kupata wa kulipia gharama ya kuyatoa.

Kinachoisha kwanza ni yale rahisi. Marekani uchimbaji ulifika kilele 1970, ukashuka miaka mingi, kisha mafuta ya shale, yaani yaliyonaswa ndani ya miamba migumu na ambayo ni ghali kuyatoa, yakaupandisha kupita kilele hicho. Kwa hiyo wewe utaumizwa na bei kabla hujaona pampu kavu. Na hata bei ina mengi: Septemba 2023 petroli Nairobi ilipita shilingi 211 bila kisima kukauka. VAT ya mafuta ilikuwa imetoka asilimia 8 hadi 16 mwezi Julai, shilingi imedhoofika, Saudia imebana uchimbaji na Urusi imebana mauzo ya nje.

Anayekutajia mwaka wa mwisho wa mafuta, mwangalie mkononi ana nini cha kuuza. Juzi mmoja alinionyesha cheti cha "hisa za kisima" Turkana, karatasi nzito, muhuri mwekundu. Nikamuuliza nambari ya kitalu, yaani eneo la leseni ya kutafuta mafuta. Akasema ni siri ya kampuni.