Fyuzi ya Taa Ikikatika Kila Mara, Itafute Shoti

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia kwamba fyuzi ya taa za nyuma za gari lake hukatika kila awashapo taa, na kwamba fundi aliyemwendea amemwekea fyuzi ya ampea 30 mahali palipostahili ya 10, akamwambia aende zake salama. Ndugu yangu, itoe fyuzi hiyo leo kabla jua halijazama. Fyuzi huwekwa ili ikatike kabla waya haujaungua, na ukiweka kubwa kupita kiasi, kitakachoyeyuka ni waya wenyewe, chini ya zulia, karibu kabisa na viti wanapokaa watoto wako.

Nayasema haya kwa uchungu, kwa kuwa gari langu liliwahi kuwa na tatizo hilohilo, na gereji niliyoiamini kwa miaka mingi ikanitaka nibadilishe wayaringi yote. Nilikataa, nikaitafuta shoti mwenyewe, yaani mahali waya ulipogusana na bati la gari umeme ukakatisha njia, na mpaka leo najivunia kazi ile. Nilitoa balbu zote za nyuma pamoja na ya kibao cha namba, nikachomoa fyuzi iliyoungua, na mahali pake nikaunganisha balbu ya wati 21 kwa vipande viwili vya waya. Balbu hiyo haipitishi zaidi ya ampea 2 hivi, kwa hiyo unaweza kutafuta bila kuunguza kitu. Nilipowasha swichi ya taa, iliwaka kwa nguvu zake zote, ishara kwamba umeme ulikuwa unakimbilia kwenye bodi, yaani bati la gari. Nikachomoa soketi moja baada ya nyingine, na nilipoigusa ile ya waya zinazopanda kwenye mlango wa buti, balbu ikafifia papo hapo.

Nilivuta mpira unaofunika waya hizo karibu na bawaba. Waya mmoja ulikuwa umechubuka, shaba iko nje, na bati lililogusana nao lilikuwa na doa jeusi dogo kama punje ya mtama. Niliukata, nikaunga kipande kirefu kidogo kwa lehemu ili mlango usiuvute tena, nikauvika ganda jipya.

Enyi vijana mnaotaka kuheshimika katika ufundi, acheni kubahatisha kwa mali za watu; mteja amekuja kutafutiwa chanzo. Nawe msomaji wangu, anzia kwenye bawaba za buti, kisha vishikio vya balbu, kisha waya za kuvutia tela kama zipo, ukizitikisa taratibu huku mwenzako akiitazama balbu, na fyuzi ya ampea 10 uirudishe baada ya balbu kufifia na kubaki hivyo hata ukitikisa.