Ndege wa buluu asiye na shavu jekundu

Umeuliza kama kandege ka buluu ulikokaona Dodoma kakidonoa mbegu chini, bila alama nyekundu shavuni, ni spishi nyingine. Huenda ndiyo, lakini usikimbilie jibu: shavu jekundu ni la dume tu wa spishi iitwayo kisayansi Uraeginthus bengalus (hapa chini, U. ni kifupi cha Uraeginthus, jenasi ya ndege hawa). Jike wake hana.

Tazama utosi. Dume mwenye kichwa kizima cha buluu, hadi kisogoni, na mdomo wa waridi uliokolea ni U. cyanocephalus, mkazi wa maeneo makavu ya Kenya, kusini mwa Somalia, na kaskazini na kati ya Tanzania. Utosi ukiwa wa kahawia, na dume na jike wote hawana wekundu, huyo ni U. angolensis, anayeenea kusini hadi Afrika Kusini. Bengalus anaanzia Senegali hadi Ethiopia, akashuka mpaka Zambia. Jina lake la kisayansi lilimtaja Bengali, eneo la Asia Kusini, kwa makosa tangu 1766, wakati ni ndege wa Afrika.

Kwa hiyo subiri mwenzake atokee, maana hutembea wawili wawili. Na ukimfuata kiotani, angalia nyigu kwanza! Mara nyingi hujenga jirani nao.