Simu ni yako, mtandao ni wa shule: kwa mwalimu anayeanza kazi

Siku yako ya kwanza kazini mtu atakuandikia nywila ya Wi-Fi kwenye kipande cha karatasi, na ndani ya nusu dakika simu yako itakuwa imeshaingia kwenye mtandao wa shule. Mara nyingi maelezo huishia hapo. Nami nilipoajiriwa yaliishia hapo, na mengi nitakayokuambia niliyajua baada ya mambo kuharibika. Nimefundisha miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa pia yule anayeitwa projekta ikigoma au mtandao ukikatika, kwa hiyo naifahamu kazi hii kwa pande zote mbili.

Kuna swali ambalo walimu wapya huniuliza kwa sauti ya chini: je, wanaona ninachofanya kwenye simu yangu? Wanaona kiasi. Tovuti na programu nyingi siku hizi husimba mawasiliano, kwa hiyo anayesimamia mtandao hasomi ujumbe wako wala haoni picha uliyotumiwa na nduguyo. Anachoweza kuona ni jina la tovuti uliyofungua, saa uliyoifungua, kiasi cha data kilichopita na kifaa kilichotumika. Hayo hubaki kwenye kumbukumbu za mtambo kwa siku au miezi, kutegemea ulivyopangwa.

Hali hubadilika ukiombwa kusakinisha kwenye simu yako cheti cha shule, yaani faili dogo linaloiambia simu iuamini mtambo wa shule, au programu ya usimamizi. Cheti cha namna hiyo kinaweza kuuwezesha mtambo wa shule kufungua mawasiliano yaliyosimbwa, kuyakagua, kisha kuyafunga tena na kuyapeleka yanakokwenda. Programu ya usimamizi inaweza kumpa msimamizi uwezo wa kufuta simu nzima akiwa mbali, pamoja na picha za wanao. Shule inaweza kuwa na sababu nzuri za kutaka hayo, hasa pale inapolinda taarifa za watoto, lakini uliza kabla ya kubonyeza "kubali": kinaona nini, kinafuta nini, na kinaondolewaje? Usipotosheka na majibu, omba kazi za shule uzifanye kwenye kompyuta ya shule, na simu yako ibaki kwenye bando lako. Ni ombi la haki kabisa.

Sasa nywila yenyewe. Katika mwaka wangu wa pili mwanafunzi mmoja aliniomba nimuunganishe ili apakue zoezi. Nilimpa nywila, nikaendelea na shughuli zangu. Sikujua kwamba simu ikishaingia kwenye mtandao inaweza kutoa msimbo wa QR, na kwamba mwenzake akiusoma kwa kamera naye anaingia bila kuandika chochote. Mtandao wetu ulikuwa umepangwa kutoa anwani 254, yaani namba ambazo kila kifaa hupewa moja ili kiweze kutumia mtandao, kama mitandao mingi midogo, na kila simu iliyoingia ilishika moja hata ikiwa imelala mfukoni. Ikafika siku ya mwisho ya kuingiza alama. Kompyuta ya ofisi ya taaluma ilionyesha mawimbi yamejaa, lakini haikupata anwani, kwa sababu zote zilikuwa zimekwisha. Mwalimu wa taaluma alikaa pale hadi usiku na majedwali yake mapajani, na mimi nilijua chanzo ni ile nywila niliyoitoa. Tangu hapo mwanafunzi akiniomba mtandao namwelekeza kwa anayehusika, au nampakulia zoezi mwenyewe. Kama shule ina mtandao wa wageni uliotengwa na ule wa ofisi, simu yako binafsi pia iweke huko.

Kuhusu kasi sina mengi. Zima kuhifadhi picha na kusasisha programu kwa kujiendesha saa za masomo. Simu thelathini za walimu zikipandisha video za wikendi kwa pamoja, somo la darasa la jirani linakwama.

Jambo linaloniumiza zaidi lakini ni taarifa za watoto zinazohamia kwenye simu zetu bila sisi kutambua. Mwenzangu mmoja aliunganisha kompyuta yake binafsi na projekta mbele ya darasa. Ujumbe wa simu yake ulikuwa umefunguliwa pia kwenye kivinjari. Katikati ya maelezo, arifa ikateremka kwenye kona ya skrini: mzazi alikuwa anaeleza ugonjwa wa mwanawe, akimtaja kwa jina. Mtoto huyo alikuwa ameketi dawati la pili. Arifa ilikaa sekunde chache tu, lakini ilisomwa na darasa zima. Mtoto aliinamia daftari lake, na hakuinua kichwa hadi kengele ilipolia.

Mwalimu yule hakuwa mzembe. Alikuwa na kifaa kimoja na akaunti moja kwa kila kitu: familia, wazazi, alama, matumizi yake ya siri na ya wazi. Kwa hiyo tenganisha tangu wiki ya kwanza, kabla mazoea hayajajengeka. Kwenye kompyuta yako fungua akaunti ya pili ya mtumiaji, ya kufundishia tu, isiyo na ujumbe wowote binafsi. Barua kwa wazazi zitoke kwenye anwani ya shule. Jedwali la alama lisipigwe picha kwa simu "kwa muda tu", maana picha ikishaingia kwenye ghala la simu hupanda yenyewe kwenye hifadhi yako ya mtandaoni, na jioni mtoto wako akichezea simu atakutana nayo. Vilevile kwenye makundi ya walimu, zima mpangilio unaohifadhi kila picha inayotumwa.

Utakutana pia na kichujio. Unataka kuonyesha video nzuri ya sayansi, mtandao unaizuia, na wanafunzi wanakusubiri. Mkono utakwenda kwenye hotspoti ya simu yako. Kwa kompyuta yako mwenyewe sina neno, ikiwa kanuni za shule zinaruhusu. Usiwaunganishe wanafunzi. Ukifanya hivyo wameshatoka nje ya ulinzi wa shule na wako kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako, na lolote watakalofungua litapitia hapo. Peleka anwani ya video kwa msimamizi siku moja kabla ya kipindi. Kufungulia tovuti moja ni kazi ya dakika chache.

Kuhusu virusi, wengi hudhani vinahitaji mtu abonyeze kitu kibaya. Mwezi Mei 2017 programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zisizopungua 150, ikihama yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta ndani ya mtandao mmoja. Ilipitia tundu la usalama kwenye Windows, na Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka, yaani sasisho la kuliziba, mwezi Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni ambao hawakuwa wamesasisha. Ndiyo maana kompyuta ya nyumbani ambayo haijasasishwa kwa mwaka mzima nakuomba usiilete kwenye mtandao wa shule kabla hujaisasisha, hata kama inafanya kazi vizuri. Na simu ikipotea, toa taarifa shuleni siku hiyo hiyo. Najua aibu inavyomzuia mtu, lakini nywila ya akaunti ya shule ikibadilishwa mapema, aliyeokota simu hafiki kwenye alama za watoto.

Siku ukihama, kaa na msimamizi dakika kumi kabla hujarudisha funguo. Ondoa akaunti ya shule kwenye simu, toa cheti na programu ya usimamizi, amuru simu iusahau mtandao ule. Kisha futa majedwali na picha za wanafunzi, pamoja na zilizopanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, na ufungue pia kapu la picha zilizofutwa, kwa sababu zinaweza kukaa humo mwezi mzima au zaidi.